Simu inapokataa uso wako: haikuoni, haikutambui, au hairuhusiwi?

Simu au tableti ikikataa kufunguka kwa uso, wengi wetu tunakimbilia jambo lilelile: tunaingia kwenye mipangilio, tunafuta uso uliosajiliwa, tunasajili upya. Siku mbili mambo yanakwenda vizuri, ya tatu inakataa tena, na hapo tunahitimisha kwamba simu ni mbovu. Nimekuwa nikiwasaidia ndugu na marafiki kwenye tatizo hili kwa muda mrefu, na karibu kila mara nimekuta kwamba neno "imekataa" limebeba mambo matatu yasiyofanana. Kuna simu ambayo haikuoni. Kuna inayokuona lakini haikutambui. Na kuna ambayo ingekutambua bila taabu, ila kwa wakati huo hairuhusiwi kukufungulia. Kila moja ina dawa yake. Kusajili uso upya ni dawa ya ile ya pili tu, ndiyo maana watu husajili mara nne, mara tano, wasione nafuu.

Lakini kabla ya kutafuta dawa, jua kwanza umeshika kifaa cha aina gani, kwa sababu kwa nje vyote vinafanana: unainua simu, unaitazama, inafunguka.

Ndani kuna njia mbili. Ya kwanza hutumia kamera ya mbele ileile unayopigia selfi. Simu inachukua picha bapa ya uso na kuilinganisha na kumbukumbu iliyotengeneza siku uliyojisajili. Njia hii iliingia kwenye Android 4.0 mwaka 2011, na haikuchukua muda watu wakaonyesha kwamba picha ya mwenye simu, ikishikwa mbele ya kamera, ilitosha kuifungua. Toleo la 4.1 lililofuata likaongeza sharti la kupepesa macho. Hesabu zake zimeboreka sana tangu hapo, lakini simu na tableti nyingi za Android bado zinategemea kamera hiyo ya kawaida, na kamera ya kawaida inahitaji mwanga kama jicho linavyouhitaji.

Njia ya pili haitazami picha tu, inapima umbo. Ilipata umaarufu na iPhone X mwaka 2017, kwa jina la Face ID. Sehemu ya juu ya skrini ina taa ndogo ya infraredi inayomulika uso, kuna projekta inayotupa vitone zaidi ya 30,000 usoni, na kuna kamera ya infraredi inayosoma vitone hivyo vimeangukia wapi. Kitone kilichotua kwenye ncha ya pua hakikai kama kilichotua kwenye shimo la jicho, na kutokana na tofauti hizo simu inachora ramani ya vilima na mabonde ya uso wako. Macho yetu hayaoni miale hiyo, kwa hiyo giza si kizuizi. iPad Pro ikapata Face ID mwaka 2018. Google nao walitumia infraredi kwenye Pixel 4 ya mwaka 2019, wakaiacha, kisha wakarudi na kamera ya kawaida kwenye simu zao za baadaye.

Hujui yako ni ipi? Ingia kwenye chumba chenye giza totoro, punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, uinue simu usoni. Ikifunguka papo hapo, ina infraredi. Ikishindwa, au ikiifanya skrini iwe nyeupe na kali ili ikumulike, ni ya kamera ya kawaida. Jaribio hili peke yake limewahi kumaliza malalamiko ya mtu aliyekuwa anajiandaa kununua simu nyingine kwa sababu ile aliyonayo "inaharibika usiku". Haikuwa inaharibika. Ilikuwa haioni gizani.

Haikuoni

Rafiki yangu mmoja alikuja na simu ya infraredi iliyokuwa inamkataa mchana kutwa. Alikuwa amefuta na kusajili hadi amechoka, na safari nyingine hata usajili wenyewe ulikuwa haumaliziki. Nikaichukua, nikaiinamisha chini ya taa ili mwanga upite ubavuni mwa kioo. Pale juu, kando ya spika ya sikioni, protekta yake ilikuwa na ukingo mweusi, na ukingo huo ulikuwa umebandikwa kando kidogo, kama unene wa ukucha. Ulikuwa umeziba nusu ya kitundu kimoja. Kamera ya selfi ilikuwa wazi kabisa, ndiyo maana hakuwahi kuishuku protekta: picha zake zilikuwa safi. Tukaibandua, tukafuta kioo, simu ikafunguka kabla hajaiinua vizuri.

Kwenye simu ya infraredi, vifaa vinavyousoma uso vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na kitundu chake, na selfi nzuri haithibitishi chochote kuhusu vile vingine. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupangusa sehemu yote ya juu ya skrini kwa kitambaa laini kikavu. Mafuta ya ngozi, losheni na jasho vinatengeneza utando ambao macho hayauoni ukitazama mbele moja kwa moja, ila unaonekana simu ikiinamishwa. Vua na kava, hasa lile lenye ukingo mnene au lenye mfuniko wa kukunja. Vua protekta ikiwa unaweza kumudu kuipoteza. Mambo haya matatu hayakuchukui dakika tano, na mimi siendi hatua nyingine kabla sijayafanya.

Kisha umbali. Face ID hufanya kazi vizuri uso ukiwa kati ya sentimita 25 na 50 kutoka kwenye simu, yaani urefu wa mkono au pungufu. Ukiwa kitandani na simu imekaribia pua, iko ndani ya eneo ambalo haiwezi kukusoma. Simu iliyolala mezani inaona kidevu na dari. Nusu ya uso ikiwa imezama kwenye mto, kilichobaki hakitoshi.

Mkao nao una mambo yake. iPhone za kabla ya 13 zinakubali uso zikiwa zimesimama wima tu. Kuanzia iPhone 13, zikiwa na iOS 16 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone) au toleo jipya zaidi, zinakubali hata zikilazwa kwa ubavu. iPad inakubali mkao wowote, ingawa wakati wa kusajili lazima isimame wima. Kwenye iPad tatizo kubwa ni kiganja. Kwa miaka kadhaa kamera yake ilikaa kwenye ukingo mfupi, hivyo ukiilaza kutazama video, mkono mmoja unaifunika. Toleo la iPad Pro la mwaka 2024 likahamishia kamera kwenye ukingo mrefu, na sasa kiganja kinaziba ukiisimamisha. Skrini hukuonyesha mshale kuelekea mahali kamera ilipofunikwa, lakini watu wengi hawautazami.

Jua kali nalo linaweza kuisumbua infraredi, kwa sababu jua lenyewe lina miale hiyo kwa wingi. Geuka kidogo, utie uso kivulini. Na zipo miwani za jua ambazo vioo vyake vinazuia infraredi. Kwako ni vya kahawia, kwa simu ni ukuta.

Kwa wenye kamera ya kawaida, adui ni mwanga ulio nyuma yako. Kamera ikiona dirisha linang'aa mgongoni mwako, inajirekebisha kufuata dirisha, na uso wako unabaki kivuli. Kwa mwenye ngozi nyeusi kivuli hicho kinakuwa kizito zaidi, alama za uso zinapotea, na simu inasema haioni mtu. Geuka ili mwanga uje kutoka mbele au ubavuni. Hapa nataka kusema wazi jambo ambalo wengi wanalihisi na kulimeza: si uso wako wenye kasoro. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso, wakakuta makosa yakifika asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Mwaka uliofuata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichunguza programu nyingi za kulinganisha nyuso na kukuta nyingi zikiwachanganya watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki mara kumi hadi mara mia zaidi ya wengine. Vipimo hivyo havikuhusu kufungua simu, wala haimaanishi kila simu ina tatizo hilo. Vinaonyesha tu kwamba mashine hizi zilifundishwa na watu, kwa picha walizochagua watu.

Haikutambui

Hapa simu inakuona barabara, ila haiamini kuwa ni wewe. Utaijua kwa tabia yake: inakubali saa nyingine na kukataa nyingine, na kukataa kunafuata hali fulani. Ukivaa miwani inakataa. Ukifunga kitambaa kichwani inakataa. Baada ya kunyoa ndevu inakataa.

Sababu kubwa ni usajili uliofanywa haraka. Mtu ananunua simu, anasajili uso amesimama, taa iko juu ya kichwa, nusu ya uso kivuli, kisha anashangaa kwa nini simu inamjua akiwa sehemu ile tu. Hapo sasa ndipo kufuta na kusajili upya kuna maana, mradi ufanye kwa utulivu: keti, mwanga uwe mbele yako na umetawanyika, simu iwe usawa wa macho, zungusha kichwa taratibu mpaka kila upande umeonekana. Kama unavaa miwani siku zote, jisajili nayo.

iPhone na iPad zenye Face ID zinakuruhusu kuongeza sura ya pili, tangu iOS 12 ya mwaka 2018. Simu nyingi za Samsung nazo zina nafasi ya kuongeza mwonekano mwingine. Hii ni nafasi ya wewe mwenyewe ukiwa umebadilika sana, kwa mfano ukiwa na vazi la kazi linalofunika paji la uso na kidevu. Watu wengi wameitumia kumsajili mwenzi wao. Si kosa, ila wajue kwamba nafasi imekwisha, na kwamba mtu huyo sasa anafungua kila kitu kinachokubali uso, si skrini peke yake.

Barakoa, au kitambaa chochote kinachoziba pua na mdomo, kinahitaji maelezo yake. Face ID kwa kawaida inataka kuona macho, pua na mdomo. Tangu iOS 15.4 ya mwaka 2022, iPhone 12 na zilizofuata zina chaguo la kutambua kwa eneo la macho peke yake. Ukiliwasha simu itakusoma uso mara nyingine. iPad haina chaguo hilo, wala iPhone 11 na za nyuma yake. Nimeona watu wakilitafuta saa nzima kwenye mipangilio ya simu ambayo haijawahi kuwa nalo.

Kuna jambo moja wachache wanalijua, nalo linaeleza mengi. Face ID inajifunza. Ikikukataa kwa tofauti ndogo, kisha ukaingiza namba ya siri palepale, inachukua sura ile na kuiongeza kwenye kumbukumbu yake. Ndivyo inavyofuata ndevu zinazoota na uso unaonenepa. Kwa hiyo simu ikikataa usiku mmoja, kuingiza namba huku umeitazama ni kuifundisha. Lakini somo hilo lina upande wa pili: ndugu anayefanana nawe, akiijua namba yako, akaonyesha uso, akakataliwa kwa tofauti ndogo, akaingiza namba, na yeye anaifundisha. Mtoto wako au mdogo wako akianza kufungua simu yako kwa uso, usitafute miujiza. Futa uso, badilisha namba, jisajili upya. Apple wanasema uwezekano wa mtu yeyote asiye ndugu kufungua kwa bahati ni chini ya mmoja kati ya milioni moja, lakini wao wenyewe wanaeleza kwamba kwa mapacha, ndugu wanaofanana na watoto wa chini ya miaka 13 uwezekano huo ni mkubwa zaidi. Mapacha wanaofanana sana nawashauri watumie namba.

Lipo pia sharti la kutazama. Simu inaweza kuwa imekutambua ila inasubiri macho yako yaielekee. Ukiwa unatazama pembeni, au miwani imeficha macho, haifunguki. Sharti hili linaweza kuzimwa, na kwa mtu asiyeona au mwenye macho yasiyotulia linapaswa kuzimwa. Bila hivyo Face ID inamfungia nje kila siku. Kwa wengine wote naomba liachwe. Ndilo linalozuia mtu kukufungulia simu kwa kuielekeza usoni mwako umelala.

Hairuhusiwi

Shangazi yangu alinipigia akaniambia, "Mwanangu, hii simu asubuhi hainijui, ikifika mchana inanijua." Maelezo yake yalikuwa sahihi kuliko ya mafundi wengi. Nilipoishika asubuhi, nikasoma maandishi madogo chini ya kufuli, ambayo yeye alikuwa anayapita kila siku: yalisema namba ya siri inahitajika kwa sababu simu imezimwa na kuwashwa. Kumbe ndani ya mipangilio kulikuwa na ratiba ya simu kujizima na kujiwasha saa tisa usiku. Labda aliigusa bila kujua, labda ilikuja hivyo. Tukaiondoa, na tangu hapo simu inamjua asubuhi.

Kwa nini simu iliyotoka kuwashwa haikubali uso? Kwa sababu vilivyomo ndani vimefungwa kwa ufunguo wa hesabu, na ufunguo huo hauwezi kukamilika bila namba yako. Uso hauwezi kutoa ufunguo, kwa kuwa hauonekani sawasawa mara mbili. Simu inaweza kusema "anafanana vya kutosha" tu. Namba ikishaingizwa mara moja, kabati limefunguliwa, na uso unatosha kusukuma mlango mpaka simu izimwe tena.

Kuna nyakati nyingine. Face ID itadai namba simu isipofunguliwa kwa zaidi ya saa 48, au ikishindwa kukulinganisha mara tano. Itadai pia ikiwa hujaingiza namba kwa siku sita na nusu na uso nao haujaifungua ndani ya saa nne zilizopita, ndiyo maana mara moja kwa wiki hivi inakataa bila sababu unayoiona. Na ukibana kitufe cha ubavuni pamoja na cha sauti kwa sekunde mbili, uso unazimwa hadi uingize namba. Hili ni kinga nzuri ya dharura, lakini simu iliyobanwa kwenye mfuko wa suruali inayokaza inaweza kujifanyia yenyewe. Upande wa Android, Google wamepanga njia za kumtambua mtu kwa mwili wake katika madaraja matatu ya usalama. Mfumo wa daraja la juu unadai namba, mchoro au nenosiri walau kila saa 72. Ya chini yanadai walau kila saa 24, na tena simu ikikaa saa nne bila kutumika.

Madaraja hayohayo yanajibu swali ninaloulizwa mara nyingi: mbona uso unafungua simu lakini programu ya benki inaukataa na kutaka kidole? Programu za fedha huruhusiwa kudai daraja la juu peke yake. Kamera ya kawaida kwenye simu nyingi iko daraja la chini, kwa hiyo uso wako hauulizwi hata kidogo. Pixel 8 ya mwaka 2023 ilifikia daraja la juu kwa kamera ya kawaida, lakini usitegemee hivyo kwa kila simu. Hakuna cha kutengeneza hapo, na nisingependa utafute njia ya kuizunguka: uso unaosomwa kama picha bapa haufai kulinda pesa.

Ikiwa ni kifaa chenyewe

Ukishapangusa, ukavua kava na protekta, ukazima na kuwasha, ukasasisha mfumo, na bado usajili haukamiliki, au simu inasema wazi kwamba Face ID haipatikani au kamera yake ina hitilafu, basi tatizo liko ndani. Chanzo huwa ni maji, kuanguka, au skrini iliyobadilishwa. Unyevu kidogo kwenye sehemu ya juu unaweza kuua projekta ya vitone huku simu nyingine yote ikiendelea kama kawaida. Usiifute simu nzima kurudi hali ya kiwandani ukidhani utaiponya. Utapoteza picha zako na projekta itabaki imekufa.

Suala la skrini linawaumiza watu wengi. Kwenye iPhone X na kadhaa zilizoifuata, taa ya infraredi imeunganishwa na spika ya sikioni, na vyote vimeshikizwa nyuma ya skrini. Fundi akitupa skrini ya zamani bila kuhamisha kipande hicho, Face ID imekwenda nacho, kwa sababu vipande hivi vimefungwa na simu moja kutoka kiwandani na kipande cha simu nyingine hakikubaliwi. Mwaka 2021, iPhone 13 ilipotoka, hata kubadilisha skrini peke yake kuliua Face ID; Apple waliondoa kizuizi hicho kwenye iOS 15.2.

Kwa hiyo unapopeleka simu kubadilishwa skrini, ifungue kwa uso mbele ya fundi kabla hajashika bisibisi, aone inafanya kazi. Muulize atahamishaje spika ya juu, na umwombe skrini ya zamani akurudishie, usimwachie aitupe. Siku ya kuichukua, usilipe kabla hujaifunga na kuifungua kwa uso mara tatu, ukiwa umesimama palepale.